Gari la Spoti la Kujiundia kwa Mtu wa Miraba Minne: Anza na Nyonga, Injini Baadaye

Ukifungua tangazo lolote la gari za spoti za kujiundia, zile ambazo kampuni inakutumia vipande ndani ya masanduku, chesisi, bodi, taa, nyaya, halafu wewe na fundi wako mnaunga wenyewe nyumbani, kitu cha kwanza watakachokuambia ni nguvu za farasi ngapi na inafika mia kwa sekunde ngapi. Upana wa mahali pa kukalia hawasemi, au wameuficha huko mwisho kabisa. Na mimi nasema kwa mtu mwenye mwili mambo yanaanzia hapo hapo, nyonga kwanza, halafu miguu, halafu kichwa, na hayo mengine yote, injini, rangi, rimu, mlio wa egzosi, yanakuja nyuma. Gari usiyoingia si yako hata kama risiti iko na jina lako.

Mimi niko na mita 1.91 na kilo 128, kiatu namba 47. Kwetu Bombo, kaskazini ya Kampala, familia nzima iko hivyo, marehemu baba alikuwa mwanajeshi na kwenye picha za gwaride unamtambua upesi kwa sababu kichwa kimewapita wenzake. Kiswahili hiki nilikipata kwake na kule kambini, na kupenda gari ndogo nyepesi zisizo na paa nako kulianza zamani, kabla sijajua kwamba hizi gari kwa sehemu kubwa zilichorwa kwa ajili ya watu wembamba. Nimesoma mengi, nimepima sana, na sasa kuna chesisi inasimama kwa magurudumu yake, kwa hiyo naandika kwa ajili ya pandikizi la mtu mwingine yeyote Uganda hii ambaye ana ndoto kama yangu na kila anapouliza anaambiwa apunguze mwili kwanza. Kupunguza mwili ni jambo jema, daktari anasema hivyo na mimi nakubali, lakini mabega hayapungui, mifupa ya nyonga haipungui, na nyayo ndo kabisa.

Tuanze na kupima. Kimo ukiwa umesimama hakisaidii kitu. Chukua watu wawili wa mita 1.91, mmoja urefu wake wote uko miguuni na mwingine uko mgongoni, wa miguu shida yake ni pedali na usukani, wa mgongo shida yake ni kioo cha mbele na chuma cha kumkinga gari ikipinduka, hicho mafundi wanaita rolba. Kwa hiyo jipime umekaa. Kutoka unapokalia mpaka utosini, upana wa nyonga pale panapotanuka zaidi ukiwa umekaa, upana wa mabega, kutoka makalio mpaka mbele ya goti, kutoka goti mpaka unyayo, halafu upana wa kiatu chenyewe utakachoendeshea, upana nimesema, namba ya kiatu haikuambii kama nyayo ni pana. Andika zote, weka kwenye simu, zitembee na wewe.

Lakini tepu peke yake haitoshi, na hapa namshukuru fundi wangu wa Katwe, mzee ambaye kazi zake za kila siku ni mageti na mashine za kukaanga kahawa na kusaga karanga. Nilimwendea na michoro, akaiangalia, akaisukuma pembeni, akaniambia kabla ya chuma chochote tuunde boksi la plaiwudi. Akaunda sakafu, ubao wa mgongo unaolala nyuma, mbao mbili za ubavuni ambazo zinasogezwa kwa klampu, na mbele kipande cha mbao cha kuwa pedali. Nikaingia nikakaa. Akasema, "Haji, kaa kama unaendesha, usikae kama uko msikitini." Kweli nilikuwa nimenyoosha mgongo, nikajiachia, mabega yakashuka na kichwa kikashuka karibu sentimita 4. Halafu akanishikisha rimu ya baiskeli ya mtoto iwe usukani akaniambia kanyaga klachi mpaka mwisho, sasa achia. Wakati wa kuachia goti langu la kushoto lilipanda likagonga rimu kutoka chini. Akachukua chaki akachora mstari pale goti lilipofika, akachora na kuzunguka kiatu, na ile michoro ya chaki ndo ilituongoza mpaka leo. Ukikaa bila kukanyaga chochote kwenye gari la mtu unaona mbona nimeingia, kumbe gari inakukataa siku ya kwanza ya kubadilisha gia.

Vipimo vyangu vikatoka hivi: nyonga sentimita 47, mabega 57, kutoka kalio mpaka utosini nikiwa nimejiachia 97, na helmeti inaongeza kama 4 au 5 juu ya hapo.

Sasa twende kwenye gari zenyewe. Mama wa hizi gari zote ni Lotus Seven ya Colin Chapman, mwaka 1957, gari ya vyuma vya mraba na duara vilivyovalishwa bati la alumini, magurudumu ya mbele yako nje, hakuna kitu cha ziada. Chapman alikuwa anatafuta wepesi na kila sentimita aliyopunguza ilikuwa faida kwake. Caterham ya Uingereza walinunua haki za kuitengeneza mwaka 1973 na mpaka leo wanauza, ikiwa imeundwa au ikiwa ndani ya masanduku. Ile ya umbo la asili, Series 3, kwa mtu wa nyonga 47 ni kuvaa nguo iliyobana, mkono wa kulia hauna pa kwenda isipokuwa nje juu ya ubavu wa gari. Na wana ndogo zaidi, Caterham 170, ilitoka 2021 na injini ya Suzuki ya cc 660 yenye tabo, kilo 440 tu, imefinywa upana mpaka mita 1.47 ili iingie kwenye sheria za gari ndogo za Japani. Gari nzuri sana ile. Mimi nikiikalia peke yangu ni zaidi ya robo ya uzito wake, achana nayo.

Wenyewe waliliona tatizo, na mwaka 2000 wakatoa chesisi pana inaitwa SV, imeongezwa milimita 110 kwa upana na 80 kwa urefu. Watu wakisikia 110 wanafurahi, lakini hiyo 110 ni ya gari nzima, mnaigawa wewe na abiria, kwa hiyo upande wako unapata kama sentimita 5 na kitu. Kwangu mimi hizo sentimita 5 ndo tofauti kati ya kukaa na kukwama, na ningekuwa naishi Uingereza na pesa iko ningenunua hiyo SV bila kuuliza mtu. Westfield, Waingereza wengine wa gari za aina hii, nao walikuwa na bodi pana, ile yenye herufi W mwishoni mwa jina. Na hapa Afrika kuna Birkin, ya Pinetown karibu na Durban, nakala ya Lotus Seven ileile, usukani kulia kama wetu, na nilipoanza ndo niliitamani zaidi kwa sababu ni ya bara letu.

Wenzetu warefu wa Ulaya wana dawa moja wanayoipenda kuliko zote, nayo ni kushusha sakafu. Badala ya kiti kukaa juu ya bati lililo sawa na vyuma vya chini vya chesisi, unakata, unachomelea bakuli linaloning'inia chini, makalio yanashuka sentimita kadhaa, kichwa kinapata nafasi na mapaja yanapita chini ya usukani. Dawa nzuri, haina gharama kubwa, na Caterham wenyewe wanaiuza kama chaguo. Kila nilikosoma ushauri kwa dereva mkubwa, shusha sakafu, shusha sakafu.

Sasa njoo nayo barabara ya Bombo. Matuta ya Kawempe unayajua. Matuta ya kila trading senta kutoka Matugga mpaka Wobulenzi, kuna ya lami ya kiwango na kuna ambayo yalimwagwa tu usiku baada ya mtoto kugongwa, marefu, yana ncha, hayana alama. Seven hata bila kushusha sakafu iko chini, sampu ya mafuta inapita juu ya lami kwa nafasi ya ngumi. Sasa bakuli lako la sakafu, ambalo juu yake kuna uti wa mgongo wako, unalishusha kuwa kitu cha kwanza kugusa tuta? Na wewe mwenye kilo 128 ndo umeikalisha gari chini zaidi upande huo huo? Mimi nilikataa. Hapo ndo mawazo yangu yakageuka: ushauri wa wenzetu ni sahihi kwa barabara zao, hapa kwetu mtu mkubwa atafute nafasi ubavuni na juu, chini pasiguswe. Upana unaongezwa, rolba inapandishwa, kioo cha mbele kinapandishwa, sakafu inabaki palepale na chini yake inawekwa bati nene la kuikinga.

Ukishakubali hilo, orodha inajipunguza yenyewe.

Nakala za AC Cobra kwa mfano. Ukiiona kwa nje unasema hii sasa ndo gari ya mtu mzima, imevimba mashavu, matairi mapana, V8 ndani. Wamarekani wa Factory Five wanaziuza kwa masanduku tangu 1995, na kule Durban kuna Backdraft wanazitoa zikiwa zimekaribia kumalizika. Kiti cha Cobra kweli kinapokea mwili. Lakini shuka na macho kwenye miguu: V8 imerudishwa nyuma kwa ajili ya usawa wa uzito, gia boksi ni nene, kwa hiyo mahali pa miguu pamebanwa na pedali zimesogezwa pembeni, unakaa umepinda kiuno. Mwenye kiatu kipana anakanyaga breki na mafuta kwa pamoja, na hilo si jambo la kuzoea, hilo ni jambo la kuua mtu. Halafu kuna egzosi za ubavuni zinazopita chini ya mlango, za moto vibaya sana, mtu mwepesi anaruka kutoka, mtu mzito anaegemea kwanza, anateremsha mguu polepole, na shavu la mguu linatua juu ya bomba. Wenye Cobra wengi wanayo hiyo alama. Ukubwa wa bodi usikudanganye, ingiza mguu kwanza ndo uangalie mashavu.

Gari za paa, nakala za Ford GT40 na jamaa zake, nazipenda kwa macho. Lile jina lenyewe 40 ni urefu wake kwenda juu kwa inchi, inchi 40, mita 1 na kidogo. Dan Gurney, dereva wa mbio wa Marekani, alikuwa mtu mrefu kama mimi au zaidi, na mwaka 1967 alipoenda mbio za Le Mans na mwenzake A.J. Foyt kwenye ile Mark IV, ilibidi watengenezaji waipe paa nundu juu ya kichwa chake ndo helmeti iingie. Wakashinda. Na mpaka leo ukinunua nakala ya GT40 kuna wanaokuuliza kama unataka mlango wenye nundu ya Gurney. Mimi hiyo hadithi inanipa moyo sana, timu yenye pesa zote za Ford ilikubali kwamba dereva habadilishwi, paa ndo linabadilishwa. Lakini pamoja na nundu, kuingia chini ya paa la mita 1 na mwili wangu, joto la Kampala, foleni ya Northern Bypass, hapana.

Zilinivuta mbili zingine. Factory Five 818 inaundwa kutokana na Subaru Impreza, injini inahamishwa nyuma ya dereva, kwa hiyo mbele miguu iko huru kabisa, hakuna gia boksi ya kugombania nayo nafasi. Na Subaru Uganda ni kama chai, spea ziko Kisekka, ziko Ndeeba, kila fundi anaijua. Ila ni gari ya Marekani, usukani kushoto, na mimi nikitoka Bombo kwenda Luweero niko nyuma ya trela zinazoelekea Elegu mpakani, gari yangu inafika usawa wa gurudumu la trela, nikiwa nimekaa kushoto ili nione mbele lazima nitoe gari karibu yote barabarani. Sikuthubutu. Ya pili ni Exocet, ambayo unachukua Mazda MX-5, unavua bodi yote, unaweka fremu ya mabomba juu ya mashine ileile. Haina milango, bega linatoka nje bila kugonga bati, nafasi nzuri. Shida ni MX-5 yenyewe, hapa ni za kuhesabu, na tangu ile sheria ya 2018 gari iliyofikisha miaka 15 toka itengenezwe haiingii nchini, kwa hiyo zile za zamani za bei nafuu ambazo Exocet inatumia huwezi kuzileta. Gari ya kuchinja, yaani ya kutolewa injini na vipuri, lazima itoke humu humu ndani.

Basi nikarudi kwenye njia ya Locost, ile ya kuchomelea chesisi ya Seven mwenyewe kutoka michoro, skwea tyubu ya inchi moja kwa moja, unene wa geji 16. Michoro ya kwanza ilikuwa finyu vilevile, lakini watu wakubwa duniani walishaihangaikia, kuna michoro iliyopanuliwa kwa inchi 4, mingine ikaongezwa na urefu. Tulichukua hiyo pana na fundi akairudia upya kwenye sakafu ya karakana kwa chaki akilinganisha na lile boksi la plaiwudi. Hapa ndo utamu wa kuunda mwenyewe, hununui kipimo cha mtu. Ila nenda dukani na vernia, kile chombo cha kupimia unene, nisikufiche, tyubu inayouzwa kwa jina la geji 16 mara nyingine ukiipima ni nyembamba, na chesisi ya mtu mzito haitaki kupunjwa chuma. Tulirudisha mzigo mmoja kwa sababu hiyo.

Gari ya kuchinja ikawa Toyota Altezza iliyogongwa ubavuni, gia ya mkono, injini ya 3S ya cc 2000, inasukuma kwa nyuma. Vijana walinisumbua niweke injini ya 1JZ ya Toyota Mark II, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, mlio mtamu, najua. Lakini injini ya silinda sita mstari mmoja ni ndefu, mbele ikiisha nafasi inarudi nyuma, na huko nyuma kuna miguu yangu. Silinda nne inabaki mbele. Hata hivyo gia boksi ya gia sita ya Altezza ni nene, handaki la katikati linaloifunika lilikula sehemu ya zile inchi 4, tukalikata lipinde upande wa abiria. Abiria wangu atakuwa mwembamba, hilo tumeshapanga na mke wangu.

Pedali tuliweka za kuning'inia kutoka juu zenye matundu kadhaa ya kusogeza, na kati ya breki na mafuta tukaacha nafasi ya kutosha kiatu changu kisiguse mbili kwa wakati mmoja. Usukani mdogo wa sentimita 30 unaochomoka. Unauchomoa, unaingia, unaurudisha mpaka usikie umeshika, unautikisa kuhakikisha. Mapaja yanapita, goti halifiki.

Kiti sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wanapita haraka. Kiti cha Altezza kilikuwa kizuri lakini kinakaa juu na kina sponji nene ubavuni. Viti vya mbio vya kununua vinapimwa kwa upana wa nyonga na ukubwa wangu upo, bei yake na usafiri ndo vikanirudisha nyuma. Tukafanya cha foamu. Unachomelea ganda la alumini kufuata vipimo vyako, unaweka mfuko mkubwa wa nailoni ndani, unachanganya zile dawa mbili za foamu, unamimina ndani ya mfuko, unafunga, unaukalia upesi ukiwa umevaa nguo zako za kuendeshea, mikono kwenye usukani, miguu kwenye pedali, na unatulia. Inapanda inakuzunguka, inajaza kiuno, inabeba mabega, na inapata joto kweli kweli kwa hiyo usiikalie na kaptula, na fanyia nje penye upepo, ule moshi si wa kuvuta, vaa maski. Ikikauka unakata kingo kwa kisu unafunika kwa kitambaa. Sentimita zote ambazo kiti cha duka kingezipoteza kwa sponji zinarudi kwako. Mgongo wangu haujawahi kushikwa vizuri vile na kiti chochote.

Mkanda. Huu ndo usalama wenyewe, naomba mtu mwenye tumbo anisikilize. Mkanda wa kiunoni unatakiwa ukae juu ya mifupa ya nyonga, chini, sio juu ya tumbo. Gari ikigonga, mfupa unaweza kubeba ule mzigo, tumbo haliwezi, mkanda unazama ndani na vilivyo ndani vinapasuka. Kwa hiyo sehemu za kufungia ziwe chini na karibu na kiti ili mkanda uteremke kufuata kona ya nyonga, unanyanyua tumbo kwa mkono, unapitisha mkanda chini yake, unakaza huo kwanza, ndo baadaye ya mabegani. Na chukua wenye mkanda wa katikati ya mapaja, ule unazuia wa kiunoni usipande. Ya mabegani ikitoka begani iende nyuma karibu sawasawa au ishuke kidogo tu. Kwa mtu mwenye mgongo mrefu kama mimi, chuma cha kufungia kilichochorwa kwa mtu wa kawaida kinakuwa chini mno, na siku ya ajali mikanda inayoshuka sana inakandamiza uti wa mgongo kwenda chini. Tulikipandisha hicho chuma sawa na bega langu, na rolba ikapanda pamoja nacho. Kupima rolba ni rahisi, vaa helmeti, funga mikanda, mtu aweke mti wa ufagio ulionyooka kutoka juu ya rolba mpaka kwenye chuma cha mbele, kichwa kibaki chini ya ule mti na nafasi ya inchi kama 2. Kikigusa, rolba haijakamilika. Ndo maana zile nakala zenye rolba ya urembo, fupi nzuri ya kung'aa nyuma ya kichwa, kwangu hazina maana yoyote.

Jambo la mwisho ambalo wauzaji hawaligusi ni uzito wa dereva kwenye gari nyepesi. Kuna yule mwanasesere wa kupimia ajali, mkubwa wao, anayewakilisha mwanamume aliyewazidi wenzake 95 kati ya 100, ana sentimita 188 na kilo 101. Mimi nampita kwa vyote. Kwenye Land Cruiser kilo hizo 27 za ziada hazionekani, lakini kwenye gari ya kilo mia sita na kitu dereva wa kilo 128 ni kama moja ya tano ya gari, na hayuko katikati, yuko kulia, na kwenye hizi gari za aina ya Seven unakaa karibu kabisa na ekseli ya nyuma. Maana yake kona ya nyuma kulia inalala. Springi ukiagiza mwambie muuzaji uzito wako wa kweli, usione aibu, na ukishafunga weka urefu wa springi gari ikiwa na uzito wako ndani. Sisi tuliweka kwenye kiti mifuko miwili ya saruji na jerikeni ya lita 20 iliyojaa maji, tukaongeza spana na nyundo mpaka ikafika kilo 128, halafu tukaazima mizani ya kupimia kahawa kwa jirani mmoja mnunuzi. Ilikuwa moja tu, kwa hiyo magurudumu matatu mengine yakasimama juu ya mbao za urefu uleule na mizani, tukahamisha kona kwa kona tukiandika ukutani kwa chaki. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa halina kitu, gari ingekuwa inateleza pale kila ukikanyaga breki. Tukazungusha nati za springi kidogo kidogo, pima, zungusha, pima, mpaka mbele kushoto na mbele kulia zikakaribiana. Kazi ya jioni nzima na ni bure kabisa, na sijaona kitu kingine chenye faida hiyo kwa bei hiyo.

Kilichobaki ni kioo. Kwenye michoro juu ya kioo cha mbele kuna fremu, na ile fremu kwa mtu wa kawaida iko juu ya macho, kwangu inakata palepale machoni, barabara naiona nusu juu nusu chini. Wengine wanatoa kioo wanaweka vile vidogo vya upepo na kuvaa helmeti yenye kinga, na siku za mbio kule Garuga ndo nitafanya hivyo. Lakini barabarani hapa, mawe ya lori, vumbi la murramu, mvua ya Aprili, na ukishuka upande wa Entebbe jioni kuna wale wadudu wa ziwani wanakuja kama moshi, nataka kioo kirefu. Kuna fundi wa vioo Ndeeba anasema anaweza kukata cha tabaka, kile kisichomwagika kikivunjika, tukimpelekea fremu iliyonyooka. Fremu tunaikunja wiki hii, sentimita 9 juu kuliko mchoro, na chuma chake cha juu kimefanywa chembamba.

Lile boksi la plaiwudi bado liko, nimelirudisha nyumbani Bombo liko chini ya mwembe limefunikwa turubai. Mbao za ubavuni bado zinasogea. Kama una mwili na unafikiria gari ya aina hii, njoo na viatu utakavyoendeshea, tutakupima tukiwa na chai, uondoke na namba zako kabla hujamtumia mtu yeyote pesa.